Kadi na Ngozi Tatu

Fomu ya benki ilifika Jumanne asubuhi, na Rachel Nanjala aliisoma akiwa amesimama, kwa sababu kiti alichopewa katika ofisi ile kilikuwa na msumari uliokwisha kumchania sketi mbili. Maswali manane ya kwanza yalikuwa ya kawaida: jina, kitambulisho, mtaa, nambari ya simu, na mengine ambayo benki huuliza ili uone kwamba nayo inafanya kazi. Swali la tisa ndilo lililomkausha mate. Je, atakayeshika kadi amewahi kutangazwa muflisi na mahakama? Chini yake palikuwa na visanduku viwili, Ndiyo na La.

Aliisoma tena, akaikunja, akaitia mkobani, akasema moyoni kwamba benki za siku hizi hazina adabu.

Ukweli ni kwamba alikuwa muflisi. Heri tuliseme sisi, maana yeye neno hilo halikuwahi kumpita kwenye meno. Akikutana na watu waliomjua zamani huwaambia, "Niliamua tu kupumzika," kana kwamba mtu anayepumzika huja kuchukuliwa friji na vitanda na madalali wa mnada.

Kwa miaka kumi na minne alikuwa Madam Director wa Hekima Hills Academy, shule ya kulipia hapo Kitengela, yenye mabasi manne ya manjano na lango lililopakwa rangi kila likizo. Wazazi walimwogopa kuliko walivyomwogopa mchungaji. Kisha akatembelea shule za matajiri kule Nairobi, akaona zina bwawa la kuogelea, akarudi akakopa, akachimba lake. Bwawa la kuogelea, Kitengela! Mji ambao maji huja kwa lori, na yaliyooshewa vyombo hufuliwa soksi, na yaliyofuliwa soksi hupigiwa deki. Bwawa lile halikujaa hata siku moja. Mvua zilipokuja lilipata vyura, na walimu wakawa wanasema kwa chini kwamba hao ndio wanafunzi pekee wasiodaiwa karo.

Halafu ukaja ule ugonjwa uliofunga shule zote, na wazazi wakagundua kwamba watoto wakikaa nyumbani karo hailipwi. Benki ya kwanza ikaja, ya pili ikaja, akaja na fundi aliyeshona sare. Mwaka wa pili baada ya hapo mahakama ikasema neno lake, na jina la Nanjala likachapishwa kwenye gazeti rasmi la serikali, katikati ya mali za marehemu na hati za ardhi zilizopotea. Aliwaza kwamba gazeti lile halisomwi na mtu. Hapo hakukosea sana, ila alisahau kwamba mtu mmoja anatosha.

Kazi aliyoipata baadaye aliiona kama kofi. Kampuni yenyewe iliitwa Enkare Pampu, na ilikuwa na vyumba viwili juu ya bucha, kwenye barabara ya Namanga. Ilitengeneza pampu za visima vya mashambani, kutoka Kisaju mpaka Kimuka na kuteremka hadi Kajiado na mbele yake. Nanjala alisimamia kazi za nje: kupokea simu za wenye visima, kupanga mafundi, kununua vipuri, kuhakikisha maji yametoka. Aliifanya vizuri, hilo hata adui zake walilikubali. Aliifanya vizuri na kwa dharau, kama mtu anayeosha choo cha jirani.

Nanjala alimdharau waziwazi mhasibu, Kiama. Kiama alikuwa mtu wa kufungia sukari kabatini na kutembea na ufunguo shingoni. Ukimwomba pesa za mota ya pampu, anakuuliza kama ile iliyokufa haiwezi kuombewa.

Mwenye kampuni, Mzee Koinet, Nanjala alimdharau kimyakimya, kwa sababu ndiye aliyemlipa. Koinet alivaa koti la suti juu ya shuka, na miguuni viatu vya kukatwa kwenye tairi. Hakuonekana hata siku moja akiandika chochote. Nyaraka zikiletwa asaini, aliziangalia kwa mbali kama mtu anayetazama mawingu, akaweka saini, akaendelea kuchokonoa meno. Nanjala aliamua tangu wiki ya kwanza kwamba mzee hajui kusoma, na moyoni akampa jina la Bwana Ng'ombe. Asubuhi mzee akimsalimu, "Sopa, Mwalimu," yeye hujibu, "Salama, Mzee," maana hakuwahi kujisumbua kujifunza salamu ile ya Kimaasai hujibiwaje. Wala hilo la kuitwa mwalimu halikumshughulisha. Katika barua ya kuomba kazi aliandika tu kwamba amewahi kuwa na biashara zake. Alidhani kwa watu wa aina ya Koinet, kila avaaye miwani ni mwalimu.

Kwa kweli Wamaasai hakuwahi kuwaelewa, na hakuona sababu. Alikuwa na hadithi moja tu kuwahusu, na enzi zake alikuwa akiisimulia kila alipoalika wageni, wakati wa matunda. Kwamba mwaka wa ukame mkubwa, elfu mbili na tisa, alimjia ofisini mzazi mmoja, mwembamba kama ufito, mavumbi mpaka kwenye kope, mgongoni kabeba ngozi tatu za ng'ombe. Ngozi mbichi! Na nzi wake! Akazibwaga juu ya zulia na kusimama hapo bila kusema lolote la maana. "Nikamwambia, baba, hapa ni shule, si kichinjio. Karo hailipwi kwa ngozi!" Hapo wageni hushika mbavu. Nanjala naye hungoja kicheko kipungue, kisha anamalizia kwamba alimwita askari wa lango azitupe ngozi zile barabarani, na mtoto wa mtu yule akamfuata baba yake na sanduku kichwani. Kumwambia mtu yule keti hakukumpitia akilini, wala katika hadithi hakukuwahi kuwamo.

Turudi kwenye kadi. Mwezi uliotangulia pampu moja ya Kimuka ilikufa Jumamosi. Pesa zote za vipuri zilitoka kwenye simu ya Kiama, na Kiama alikuwa harusini, simu kaizima asije akachangishwa. Ng'ombe mia tatu wakakaa siku mbili bila maji. Jumatatu Koinet alipanda ngazi za ofisi akiwa na fimbo yake, na kwa mara ya kwanza Nanjala alimsikia akipaaza sauti.

"Ng'ombe haijui wikendi," alisema. "Nataka hii kampuni iwe na kadi ya benki. Mtu wa kazi ya nje atembee nayo, anunue mota saa hiyo hiyo. Mwalimu, itakuwa yako. Na kama benki itakukataa, Kiama atachukua kadi na kazi ya nje pia. Siwezi lipa mtu wa kuendesha gari akingoja simu ya mtu mwingine."

Basi hayo ndiyo yaliyokuwa ndani ya swali la tisa. Akiweka alama kwenye Ndiyo, kadi imekwenda, na kazi imeifuata. Ana binti, Cindy, yuko mwaka wa tatu chuoni. Ana nyumba ya kupanga ya vyumba viwili, ukutani bado kuna pazia refu la ile sebule ya zamani, limekunjwa mara tatu. Ana umri wa miaka hamsini na mitatu, na nani atamwajiri tena? Akiweka alama kwenye La, ni uongo. Ofisa aliyesimamia kufilisika kwake alikuwa amemwonya kwa maneno yasiyo na kona: kabla muda wako haujaisha, usichukue kadi wala mkopo kwa kuficha hali yako, hiyo ni jela.

Alilala nayo, akaamka nayo. Asubuhi alijiuliza ni nani hasa atakayejua. Benki ina fomu elfu. Bwana Ng'ombe hasomi. Akaweka alama kwenye La, kwa wino wa buluu, akatia saini ile ndefu aliyokuwa akiitia kwenye ripoti za watoto wa watu.

Njia ya mwongo ni fupi. Ya Nanjala ilikuwa na urefu wa siku mbili.

Ijumaa Koinet hakuja ofisini. Aliagiza fomu ipelekwe kwake, ng'ambo ya mji wa Kajiado, na Kiama akajitolea kuendesha gari. Kiama kujitolea, na mafuta yalivyo ghali! Njia nzima alikuwa akipiga mluzi wa nyimbo za kanisani. Walipokuwa wanapita Isinya alimwangalia Nanjala kwa pembe ya jicho.

"Madam, ile namba tisa ulijibu poa?"

"Endesha gari, Kiama."

"Mimi nauliza tu. Unajua form ikirudishwa na benki ni aibu."

Nanjala alitazama nje, kwenye nyaya za ua na mabango ya viwanja. Alimtukana Kiama moyoni kwa lugha ya nyumbani kwao, matusi ya mtu mzima.

Nyumba ya Koinet ilikuwa ya mawe, yenye veranda pana na tangi la maji ambalo bwawa la Hekima Hills lingelionea wivu. Mkewe, Nalotuesha, aliwaletea chai, akawasalimu kwa upole, akarudi ndani. Koinet alikaa kwenye kiti cha kamba, fimbo kwenye paja. Nanjala alimkabidhi fomu kwa mikono miwili. Kabla mzee hajaitazama, Kiama alikohoa.

"Mzee, samahani. Kabla usaini, kuna kitu unafaa kujua. Huyu madam ni bankrupt. Si mambo ya udaku, ni ya korti kabisa." Akatoa karatasi iliyokunjwa vizuri kwenye mfuko wa shati, jirani na ufunguo wa sukari uliofichwa kifuani. "Iko hapa kwa Gazette. Na kwa form ameandika ati hajawahi, niliichungulia kwa ofisi. Anataka kukuingiza kwa shida, Mzee."

Chai ya Nanjala ilimwagikia kwenye sahani. Alijua anapaswa kusema kitu, kitu kirefu na cha heshima, cha aina aliyokuwa akiwaambia wazazi siku za mkutano.

Koinet alinyoosha mkono. Si kwa karatasi ya Kiama, kwa fomu. Kisha akatoa miwani kwenye koti, akaivaa, akasoma swali la tisa kwa sauti, kwa Kiingereza cha benki, neno kwa neno, bila kujikwaa popote, mpaka na yale maandishi madogo ya chini yanayosema adhabu ya uongo. Alisoma kama mtu aliyemaliza kidato cha nne na kupasi, kwa sababu ndivyo alivyokuwa. Nanjala alihisi masikio yake yakichemka.

"Kiama," mzee alisema, "hii Gazette ulikuwa nayo tangu lini?"

"Tangu... nilikuwa nimeiona mwezi wa tatu, Mzee."

"Sasa ni mwezi wa tisa."

"Nilikuwa nataka kuwa sure."

"Fisi ikiingia kwa boma langu, unakaa miezi sita ndio uwe sure? Unangoja mpaka ifike kwa ndama yako?" Mzee akaionyesha karatasi kwa kidevu. "Weka hiyo karatasi kwa mfuko. Mimi niko na yangu, nilikata kabla sijaandika huyu mama kazi."

Sasa akamgeukia Nanjala, akavua miwani.

"Mwalimu. Hukuwahi kuniuliza ni nani aliniambia wewe ni mwalimu."

Nanjala alimtazama. Tuseme kweli, ilikuwa mara ya kwanza kumtazama, kwa mwaka na nusu wa kula mshahara wake. Aliona uso mpana, ulionenepa, wenye mvi kidevuni. Akautoa unene, akautoa umri, akaupaka mavumbi mpaka kwenye kope. Akakiweka kikombe chini.

"Ulikuwa wewe," alisema.

"Nilikuwa mimi. Mtoto wangu Kakenya alikuwa class five kwako." Koinet alisema bila hasira, na hilo ndilo lililouma. "Ile mwaka nilikuwa na ng'ombe mia moja na arobaini. Zikabaki tisa. Nilikuwa nimekuahidi nitauza tatu, nilipe fees ya term yote. Unakumbuka ulinipa barua nisaini?"

Hakuikumbuka. Barua kama zile alizitoa kwa mamia.

"Hizo tatu zikakufa kabla ya soko. Sasa kwetu, ng'ombe ukishamwahidi mtu, si yako tena. Ikikufa unampelekea ngozi. Anaangalia alama ya moto kwa ngozi, anajua haukuuza ukakula pesa. Anasema, 'Nimeona.' Basi. Halafu mnaongea vile mtafanya. Nilizibeba kwa mgongo kutoka Kisaju kwa mguu, Mwalimu, ndio uone mimi si mwongo."

Akaigeuza fimbo kwenye paja.

"Ukadhani nimeleta malipo."

Hapo ndipo hadithi nzuri ya wakati wa matunda ilipovunjika mikononi mwa mwenyewe. Miaka yote ile aliisimulia, na hakuijua! Alimcheka mtu aliyetembea nusu siku na harufu ya mali yake iliyokufa mgongoni, kwa ajili tu ya kuthibitisha kwamba neno lake ni neno. Na yeye, aliyekuwa na zulia na kengele na mabasi manne, aliweka alama kwenye La juzi asubuhi na kwenda kunywa chai. Nanjala aliona haya, haya ya kweli. Alitamani mzee amtukane. Matusi angeyaweza.

"Mzee, nisamehe," alisema.

"Hapana." Koinet alitikisa kichwa. "Hiyo ya kusamehe ni ya pastor. Mimi sijakusamehe, na sijui kama nitakusamehe. Kakenya aliniambia nisikuandike. Nikamwambia huyu mama anajua kufuata mtu mpaka alipe, kampuni inataka mtu kama huyo." Akacheka kidogo, peke yake. "Chukua kalamu. Kata hiyo La. Andika Ndiyo, na usaini hapo kando, na mkono wako."

"Benki itanikataa."

"Itakataa ile ya mkopo. Kiama ataandika barua leo aombe ile ingine, ya kujaza pesa kwanza, jina la kampuni juu. Nitaweka yangu. Kiama, umesikia?"

Kiama alisema amesikia. Alikuwa amepungua kwenye kiti, na ufunguo wake ulikuwa umetoka nje ya shati ukining'inia kwa wote kuuona.

Nanjala alikata La. Mstari ulikwenda upande, kama wa mtoto wa chekechea. Akaandika Ndiyo, na ile saini ndefu ikatoka fupi.

"Kwa nini, Mzee?" aliuliza. "Kama hujanisamehe, kwa nini unanipa?"

Koinet alimshangaa kwa dhati, kama mtu aliyeulizwa kwa nini mvua hunyesha chini.

"Ng'ombe za mtu zikiisha, anaazimwa moja. Mimi niliazimwa. Si lazima awe mtu mzuri. Hata mtu mbaya anafaa kunywa maziwa. Lakini maziwa tu. Hauuzi, hauchinji, na ikikufa unaleta ngozi. Hiyo kadi ni ng'ombe yangu, Mwalimu. Kila Ijumaa utakuja hapa, wewe mwenyewe, na kila risiti. Usimpe Kiama. Uniletee mimi."

Benki ilijibu baada ya wiki mbili. Ilikataa kadi ya mkopo kwa barua ya mistari minne, ikatoa ile ndogo ya kujaza. Ilikuwa ya kijivu, imeandikwa ENKARE PAMPU, na jina la Nanjala halikuwepo popote. Zamani angeiona ni ya kumpa mpishi akanunulie sukuma wiki. Aliishonea mfuko ndani ya mkoba, na kila alipoingia dukani aliipapasa kwanza kuhakikisha ipo.

Wauza vipuri wa Kajiado walimchoka. Palikuwa na mmoja, Munguti, ambaye mashine yake ya risiti ilikwisha karatasi siku moja saa saba mchana. Akamwambia aende tu, wanajuana. Nanjala alikaa kwenye gunia la saruji dakika arobaini, mpaka Munguti alipotafuta kitabu, akaandika kwa mkono, akapiga muhuri.

"Madam, kwani boss wako ni KRA, wale wa kodi?" Munguti aliuliza.

"Afadhali angekuwa KRA," alijibu.

Ijumaa ya kwanza alikwenda na risiti tisa, na ya pili na saba. Alisimama mbele ya kiti cha kamba huku Koinet akizisoma moja moja, mbele na nyuma. Mzee hakumwambia lolote ila, "Haya." Hakumwambia keti. Nanjala alijua kwa nini, wala hakuwa na haki ya kulalamika, lakini miguu ya mtu ina mawazo yake. Alipokuwa anarudi Kitengela jioni aliapa njia nzima kwamba wiki ijayo ataacha kazi. Dharau ni chakula kizuri ukiwa unapakua wewe.

Wiki ya tatu mota iliungua Kisaju. Ilikuwa mpya, haina hata mwezi, aliinunua yeye mwenyewe kwa kadi ile, na radi ikapiga laini ya umeme ikaimaliza kwa dakika moja. Mafundi waliitoa kisimani imekuwa nyeusi upande mmoja. Alinunua nyingine siku hiyo hiyo, na maji yakatoka kabla ng'ombe hawajarudi jioni. Kwa hiyo risiti zilikuwa mbili, za mota mbili zinazofanana, za kisima kimoja, ndani ya mwezi mmoja. Hata mtoto angeuliza. Kiama, alipoziona mezani, aliuliza kwa furaha kubwa.

"Mbili, Madam? Hiyo ya kwanza ilienda wapi? Iliuzwa?"

Nanjala alishuka ngazi hadi kwenye gari la mafundi, wakamwonyesha ile iliyoungua, wakamwambia inauzwa kwa chuma chakavu, waende nayo? Akasema hapana, iwekwe kwenye gari la kampuni.

Ijumaa hiyo alifika kwa Koinet peke yake. Alifungua buti. Mota ile ndefu ilikuwa na uzito wa mbuzi dume, na njia kutoka langoni hadi veranda ilikuwa ya changarawe. Nalotuesha alimwona kutoka dirishani, akatoka kutaka kumsaidia, na mumewe akamzuia kwa mkono. Nanjala aliikumbatia mota kifuani kwa blauzi yake nyeupe, oili ikimchirizikia kwenye sketi, kisigino kimoja cha kiatu kikabaki nyuma kwenye changarawe, akaja hivyo akichechemea na kuhema mpaka mbele ya kiti cha kamba. Akaiweka chini. Aliogopa kuibwaga.

"Mzee," alisema, na pumzi ikamkatika, akaanza tena. "Mzee, iliungua. Ni radi. Nilinunua ingine kwa kadi yako. Nimekuletea... nimekuletea ngozi."

Koinet aliinuka, akachuchumaa, jambo ambalo kwa magoti yake halikuwa dogo. Akaigeuza mota polepole, akapapasa pale palipoungua, akanusa vidole vyake. Akavaa miwani na kutafuta nambari iliyochongwa ubavuni, akailinganisha na ile ya kwenye risiti ya kwanza, tarakimu kwa tarakimu. Ilichukua muda. Nanjala alisimama kwa kisigino kimoja, jasho na oili vikimshuka, na kwa mara ya kwanza akajua jinsi zulia la ofisi yake lilivyokuwa refu kwa mtu aliyesimama juu yake akingoja.

Mzee aliinuka akishikilia fimbo. Akamtazama usoni.

"Nimeona," alisema. "Keti, Mwalimu."

Nanjala aliketi. Nalotuesha alileta chai na kitambaa cha kujifutia, na Nanjala akakishika mkononi bila kukitumia, akalia kwa sauti mbele ya watu, yeye ambaye hakulia hata siku madalali walipobeba vitanda. Koinet alimwacha alie. Alikaa kwenye kiti chake cha kamba akichokonoa meno na kuitazama ile mota.